Mganga Hujiganga

Usiku wa Idi tatu, Ibra.
Shuwa imeshafukuliwa, imeshaliwa,
mifupa wamepewa paka wa nyuma ya ukuta,
na wageni thelathini na wanane
wamelala kama magunia ya tende,
kila chumba, kila mkeka, hadi ukumbini.
Niko jikoni, mimi na friji inayonguruma.

Shingo yangu ni mbao.
Nikigeuka kushoto inalia kwach!
nikigeuka kulia inaniuliza:
wewe, ndiyo umri huu
wa kuinua sufuria la arsiya peke yako?

Idi mosi niliusonga wali na kuku tangu kabla ya alfajiri,
mwiko wenyewe kimo cha mtoto wa darasa la tatu.
Idi pili, mishikaki mia mbili na kumi;
nilihesabu, maana nani mwingine angehesabu?
Na baina yake kahawa, halwa, kahawa,
inama, mimina, inuka,
tabasamu mpaka taya liume.
Hakuna aliyeniambia kuwa taya nalo huchoka.

Mama yangu, Bi Ruzuna, alikuwa mkandaji kule Ng'ambo.
Wazazi wa mtaa mzima, siku zao arubaini,
walipita chini ya vidole vyake vinavyonukia habasoda.
Mwili ni unga, akinambia,
usiupige, usiuogope.
Usikilize unapogoma, hapo ndipo uweke gumba,
kisha ungoje.
Akakanda migongo ya watu miaka hamsini,
akafa na wa kwake haujaguswa.
Mganga hajigangi, wakasema matangani,
kama vile wanamsifu.

Leo nimepasha simsim kidogo kwenye kijiko,
karafuu tatu ndani.
Naanza na taya: vidole viwili chini ya sikio,
nazungusha polepole, mdomo wazi kama changu sokoni.
Ah.
Nashuka shingoni, nafika bega la kushoto.
Pana fundo hapa, kama kokwa ya tende,
nami nalijua lilikozaliwa:
juzi, mbele za watu, wifi yangu Shinuna aliposema
mchuzi wa mwaka jana ulikuwa na ladha zaidi.
Naweka gumba. Nangoja.
Halitoki.
Nangoja tena, navuta pumzi, naitoa kwa pua,
na Shinuna anaanza kuyeyuka, tone kwa tone,
ingawa si wote.

Mgongo siufikii.
Nauokota mpira wa tenisi wa mjukuu wangu Mundhir,
nauweka kati yangu na ukuta,
nakunja magoti, nainuka, nashuka,
mbuzi anayejikuna mlangoni.
Chini ya wayo, chupa ya laban iliyoganda;
naiviringisha mbele, nyuma,
baridi yake ikipanda mpaka kwenye meno.

Mikono nimeiacha mwisho.
Hii ndiyo migumu, imezoea kutoa tu.
Wa kulia haujui kukaa ndani ya wa kushoto,
unataka kuosha kitu, kufuta kitu.
Tulia, nauambia,
leo wewe ndiwe mgeni.

Mlango ukalia.
Asila, mke wa mwanangu, kaja kutafuta maji ya moto,
ushungi begani, macho ya asiyelala tangu mtoto aote jino.
Akaniona ukutani, magoti yamekunjwa, mpira kiunoni.
Nikangoja acheke.
Akasema: Mama, ukimaliza, nipe zamu.
Nikamwambia, lakini upo mmoja tu.
Akafungua friji, akachungulia,
akatoa chungwa.

Basi tukasimama wawili, migongo ukutani,
tukipanda na kushuka bila neno,
hata chungwa likapasuka,
maji yakamtiririka Asila hadi kisigino.
Tukaziba midomo kwa viganja,
tukacheka huku machozi yanatutoka,
kwa hofu moja tu:
wasije wakaamka, wakaomba chai.